Dada Aliyelipa Nyumba

Tulimwacha Masika amesimama uani, mikono imejaa povu la sabuni, na mwenye nyumba wake, mama Perpétue, ametoka kumwambia: "Jumapili tunakuja kumuona yaya wako, ule dada mukubwa. Ndugu yangu Sikuli anakutaka."

Na Masika, badala ya kujibu, alicheka.

Kicheko kile ndicho kilichomponza. Lakini tusiwaache nyuma wale ambao gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma.

Masika ni mjane wa Kiwanja, upande wa Rutshuru. Vita vya mwaka 2008 vilimchukua mume vikamtupa Goma na watoto wawili. Alipopima damu kambini Mugunga, alikuta ana virusi vya UKIMWI, SIDA kama tunavyosema huku. Chama kimoja cha Himbi, kinachowasaidia watu wa hali yake kupata mahali pa kulala, kilimpangia chumba mtaa wa Ndosho. Siku moja gari la chama, lenye utepe mwekundu uliochorwa mlangoni, likasimama mbele ya nyumba ile kwa nia njema kabisa. Jioni godoro la Masika lilikuwa nje, juu ya mawe ya volkano, na majirani wamejipanga kulitazama.

Tangu siku ile chama kilibadili utaratibu. Hakuna gari, hakuna fulana, hakuna beji. Mfanyakazi wao mmoja, Victoire, alitembea na Masika kwa miguu mpaka Keshero kutafuta chumba kingine. Mama Perpétue alipofungua mlango wa uzio akauliza, "Na huyu ni nani?", Victoire hakuwahi kufumbua mdomo. Masika alishajibu.

"Ni yaya yangu. Anauzisha vitenge. Yeye njo ananilipiaka nyumba."

Yaya, huku kwetu, ni ndugu yako mkubwa. Mama Perpétue alifurahi. Mpangaji mwenye dada mfanyabiashara ni mpangaji wa kuombea.

Kwa uongo ule Masika alipata chumba cha mbao chenye mlango unaofungika. Kambini, vidonge vikicheza ndani ya kopo, hema zima linajua, kwa hiyo alikuwa akivifunga kwenye pamba visipige kelele, na kuvimeza amejifunika shuka. Keshero aliitupa pamba. Alimeza dawa zake ameketi kitandani, taa inawaka, watoto wamelala. Alinenepa kidogo. Alianza hata kuimba akifua, na sasa mnajua nani alimsikia akiimba.

Na chumba hicho ndicho mama Perpétue angeweza kukichukua kwa neno moja.

Jumatatu asubuhi Masika alikuwa Himbi, mlangoni kwa chama, kabla hata mlinzi hajafagia.

"Ulimujibu nini?" Victoire alimwuliza.

"Nilicheka."

"Ulicheka! Masika, mujane anaulizwa mambo ya ndoa, anacheka. Weye unafikiri walisikia nini?"

"Niliogopa, yaya. Ningefanya nini?"

"Useme hautaki."

"Mutu anakatalia ndugu ya mwenye nyumba, halafu analala wapi?"

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2012. Waasi walikuwa wameingia Rutshuru, na Rutshuru nzima, unaweza kusema, ilikuwa imemiminika Goma na magodoro kichwani. Shule zimejaa watu, makanisa yamejaa watu. Wenye nyumba wakaanza kudai garantie, ile pesa ya kutanguliza, ambayo hata mwalimu mkuu hawezi kuitoa. Chama hakikuwa na chumba kingine hata kimoja. Masika akitolewa Keshero, anarudi hemani.

"Na nikikubali?" Masika aliuliza polepole.

"Kanisa itaomba mupime damu mbele ya ndoa, unajua. Padri atataka jibu." Victoire alimtazama. "Weye mwenyewe, unamutaka?"

Masika alifikiri. Sikuli alikuwa mjane mwenzake, fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma. Mtu mpole, si wa maneno. Alikaa chumba cha nyuma kwa dada yake. Mvua ya mwezi wa tano ilipotoboa bati la Masika, alipanda juu akalipiga msumari na hakuomba hata chai.

"Sijue," alisema. "Hakuna mutu aliniuliza."

Wakapanga. Jumapili Victoire angekuja amevaa kitenge cha maana, angekaa kama dada mkubwa, na angeomba muda. Angesema wazee wako mbali, barabara ya kupanda Butembo imefungwa na vita, mambo makubwa hayaendi bila wazee. Kuhusu barabara, hata hakuwa anadanganya.

"Lakini sikiliza vizuri," Victoire alisema akimshika mkono. "Mambo ya mwili wako si mali yangu. Hata wanichape, sitaisema. Siku unataka isemwe, utaisema weye kwa mudomo yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, yaya."

Walikuwa wameshazoea kuitana hivyo. Uongo ukikaa sana mdomoni unaanza kuwa mtamu, na Masika hakuwa na dada mwingine duniani. Kila kitu walikifikiria, wanawake wale wawili wenye akili, isipokuwa kitu kimoja kidogo: wote wawili walipanga maneno yao kwa Kiswahili.

Jumapili, baada ya misa, ujumbe wa posa ukaingia.

Mama Perpétue alikuwa ameazima viti vya shirika, ile jumuiya ndogo ya wakatoliki wa mtaa ambayo yeye ndiye mkubwa wake. Alivaa kitenge cha superwax na kilemba cha kupanda juu. Sikuli alikaa mwisho, suti imembana mabegani, kimya, maana muoaji kwao haongei siku kama ile. Mbuzi alishikwa kwa kamba tu, akingoja neno lipokewe ndipo afungwe. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa kwenye bidoni la manjano.

Msemaji alikuwa papa Guylain, jirani, mzaliwa wa Butembo. Mtu huyu hulipwa kwa glasi. Akisema harusini watu hulia, akisema matangani watu hucheka, na hajui tofauti.

Masika alikuwa ndani, kama inavyompasa mwanamke anayeombwa. Aliwachungulia kwa ufa kati ya mbao mbili. Watoto alikuwa amewapeleka kwa jirani wa pili.

Victoire aliingia vizuri. Alitembea kama mtu mwenye duka. Akasalimia, akakaa, akaweka mkoba magotini. Mama Perpétue alimtazama kwa furaha.

Papa Guylain akasimama, akakohoa.

"*Mwasibire!*" alisalimia, na kuanzia hapo akaendelea kwa Kinande, lugha ya watu wa Butembo.

Ndani ya chumba, Masika aliziba mdomo kwa mkono.

Unafahamu, Goma kila mtu anasema Kiswahili. Miezi yote ile mama Perpétue alikuwa akisalimiana na Victoire mlangoni kwa Kiswahili, bei ya vitenge kwa Kiswahili, kwaheri kwa Kiswahili. Nani angejiuliza? Lakini Mnande hatoi mbuzi wake kwa Kiswahili. Mambo ya sokoni yana lugha yake na mambo ya damu yana lugha yake, na Masika, Mnande wa baba na mama, alikuwa amelisahau hilo kabisa kwa ajili ya hofu.

Papa Guylain alisema kwa muda mrefu. Alisema juu ya njia ndefu, juu ya nyumba isiyo na mwanamke, juu ya dada mwenye busara. Akamalizia kwa kuuliza jambo jepesi ambalo kila anayeombwa binti hulijibu kwa kujivuna: wao ni watoto wa nani, na mlima wao ni upi?

Akangoja. Watu wote wakamgeukia Victoire.

Victoire alitabasamu.

"Papa, aksanti kwa maneno muzuri," alisema. "Tusemezane Kiswahili, ili watu wote wasikie."

"Watu wote wanasikia," papa Guylain alijibu. "Nani hapa hasikie Kinande?"

Mbuzi alilia.

Masika alisukuma mlango akatoka. Anayeombwa hatoki bila kuitwa, na mama Perpétue alikunja uso, lakini ilibidi.

"Papa Guylain, utusamehe. Yaya alilelewa Kisangani. Kinande ilimupotea."

"Ilimupotea." Papa Guylain aliweka glasi chini, jambo asilolifanya ovyo. "Haya. Jina ya baba haipotei Kisangani. Baba yenu ni nani? Weye Masika nyamaza. Huyu mukubwa njo aseme."

Victoire alimtazama Masika. Masika angeweza kumnong'oneza jina, neno moja tu, lakini macho yote yalikuwa midomoni mwao. Kisha Victoire akanyoosha mgongo, na Masika akajua kabla hajasikia.

"Baba yangu anaitwa Harelimana," Victoire alisema. "Ni mutu wa Masisi. Papa, ninaweza kukaa hapa na kusema maneno mingi, lakini sitamukana baba yangu juu ya chumba."

Mama Perpétue alishika kifua. "Harelimana? Basi weye si Munande! Si yaya yake!"

"Hapana, mama."

"Sasa weye ni nani?"

Victoire akaukumbatia mkoba wake.

Ingekuwa mwaka mwingine, jambo lile lingeishia kwenye matusi na kicheko. Lakini siku zile akili ya mji ilikuwa imechemka. Watu waliogopa waasi, na kwa kuwa waasi walikuwa mbali, wakawaogopa majirani wenye lugha moja na waasi, na Harelimana ni jina la lugha hiyo. Mtu alipimwa kwa umbo la pua na kwa lafudhi, na waliokuwa wamekula sahani moja miaka ishirini wakaanza kuulizana walikozaliwa. Ilikuwa aibu, na sioni sababu ya kuifunika.

"Angalieni vizuri," papa Guylain alisema, na sauti yake haikuwa tena ya harusi. "Mutu wa Masisi. Anadanganya ni Munande. Analipa nyumba ya mujane wa Rutshuru. Na Rutshuru imeanguka juzi! Mama Perpétue, unafuga nini humu ndani?"

"Mimi sijue kitu!" mama Perpétue alipiga kelele. "Mimi napokea pesa ya nyumba tu!"

"Weye mwanamuke, nani anakupa ile pesa?"

"Sitasema," Victoire alijibu.

"Unalipia huyu nyumba juu ya nini? Anakupa habari gani?"

"Hakuna habari. Lakini sitasema."

"Sema, ao niite vijana!"

"Papa, hiyo neno si yangu."

Victoire aliukandamiza mkoba mpaka vidole vikapauka. Neno moja tu lingemwokoa, *chama*, *ugonjwa*, *dawa*, lolote, na Victoire alikuwa nalo mdomoni, na hakulitoa. Alikuwa ameahidi.

Papa Guylain akapiga kiti teke. "Ni mutu wa waasi huyu!" Akatoka mbio, akauacha mlango wa uzio unapiga piga, na sauti yake ikasikika ikishuka avenue, ile njia ya mtaa: "Vijana! Mukuye! Tuna adui kwa mama Perpétue!"

Wageni wengine wakamfuata, na mama Perpétue akaurukia mlango, akakaza komeo.

"Masika," alisema akigeuka, amekosa pumzi. "Niambie ukweli mbele wafike. Ulileta vita kwangu?"

Hapa ndipo nawaomba mjiweke mahali pake. Upande mmoja kitanda, mlango, taa, watoto waliokoma kukohoa. Upande mwingine mwanamke asiye ndugu yake, aliyenyamaza kwa ajili yake. Masika aliogopa, na alijionea huruma, na alikuwa na hasira kwamba kila siku ni zamu yake. Yote hayo yalimpata kwa pamoja.

"Si mutu wa vita," alisema. "Ni mutu wa association ya Himbi. Association njo inalipa chumba. Inalipia watu wenye virusi. Mimi niko na virusi, mama. Ya SIDA. Tangu Mugunga. Ile uongo ya yaya ni yangu, njo mimi niliisema. Yeye alinyamaza tu."

Mama Perpétue alirudi kitini, akachukua kikombe alichonywea, cha Masika, akakitazama. Akakiweka chini taratibu, mbali na mguu wake. Halafu akasogeza kiti nyuma.

"Tunachota maji kwa bidoni moja," alisema. "Wajukuu yangu wanakula kwako!"

"Maji haipitishe virusi, mama," Victoire alisema. Sasa aliweza kuongea, na maneno yalimtoka upesi. "Hata sahani, hata kitanda. Ameisema mwenyewe, basi naweza kukujibu yote unataka kujua. Anakunywa dawa yake vizuri, mwili unakuwa na nguvu, hakuna mutu anaogopeshwa na..."

"Sikukuuliza!" Mama Perpétue alisimama. "Masika, utoe vitu vyako. Leo. Sasa. Sitakaa na hiyo ugonjwa ndani ya parcelle moja, uzio moja."

"Mama, na watoto..."

"Leo, nimesema!"

"Dada." Sauti ilitoka mwisho wa viti. Sikuli alikuwa amesimama, na ile suti ikaonekana ndogo zaidi. "Dada, umekaa nayo miaka sita."

Mama Perpétue hakuelewa. Masika naye hakuelewa, kwa pumzi mbili au tatu. Kisha akaelewa, na damu ikampanda usoni.

"Marehemu muke wangu hakukufa na typhoïde," Sikuli alisema. "Na ile dawa nakunywa si ya tansio, ya damu kupanda. Nilikudanganya. Ni ya SIDA."

"Sikuli, mutoto wa mama yangu..."

"Unanipikia, unanifulia, tunapeana mikono kila siku kwa kuomba. Umeugua nini, dada? Sasa uniambie nitoke na mimi."

Mama Perpétue alikaa. Hakukaa vizuri, nusu ya kiti tu, na kilemba chake kizuri kikalalia upande. Nilimcheka mama huyu tangu mwanzo, lakini hapo sina hamu ya kumcheka. Alikuwa na ndugu mmoja tu.

Sikuli alimgeukia Masika. Pengine alitegemea machozi ya shukrani. Wanaume wengi wangetegemea.

"Ulinijua?" Masika alimwuliza.

"Nilikuona kwa dirisha ya dawa, mwezi wa tano. Ulijifunika kitambaa, lakini nilijua ile nguo."

"Kumbe njo uliniomba juu ya hiyo?"

"Nilisema moyoni, huyu hatanikimbia."

"Na ulinyamaza. Siku zote hizi natetemeka juu ya hicho chumba, weye unajua, unanyamaza."

"Niliogopa, Masika. Kama weye."

"Hapana." Alimtazama machoni, na hakuwahi kumtazama hivyo kabla. "Si kama mimi. Mimi niliogopa kulala njiani. Weye uko kwa dada yako."

Sikuli aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kungoja wengine wamsemee, na siku ile alikuwa amejisemea mara moja, nguvu zikamwishia hapo.

Ndipo ngumi ya kwanza ikagonga mlango wa uzio.

"Mama Perpétue! Fungua!"

Halafu ngumi nyingi. Mbao za uzio zikatikisika. Sauti za vijana, na juu yao sauti ya papa Guylain, imelewa sifa. Jiwe likaruka likaanguka juu ya bati la Masika, likabingirika mpaka chini. Victoire alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hakulia. Midomo ilikuwa ikienda, anaomba.

"Mutoe huyo mutu! Ao tuingie sisi wenyewe!"

Mama Perpétue alinyanyuka. Akatengeneza kilemba. Na huwezi kuamini mtu anavyoweza kurudi katika ukubwa wake kwa muda mfupi namna ile. Alimfuata Masika, akamsogelea karibu, yeye aliyekuwa akikimbiza kiti chake punde tu.

"Sikiliza, kuko njia moja," alinong'ona. "Mimi watu wa hapa wananiheshimu. Nikitoka niwaambie huyu ni shemeji yetu, tuko kwa mambo ya mahari, na Guylain amelewa, watarudi kwao. Lakini mimi ni mukubwa wa shirika. Siwezi kuwaambia shemeji kama hakuna ndoa. Basi useme ndiyo. Sasa hivi, mbele ya Mungu na ya Sikuli. Uwe muke wake."

"Mama..."

"Chumba itakuwa yako. Yako kabisa, mpaka kufa. Hakuna association tena, hakuna kulipa. Hiyo ugonjwa yenu mutaikunywea dawa pamoja, hakuna mutu atajua, hata mutu mumoja. Mambo ya padri nitayatengeneza mimi." Jiwe la pili likaanguka, karibu zaidi. "Na ukisema hapana, nafungua hiyo mulango, na mimi sina neno ya kuwaambia."

"Dada, si hivi," Sikuli alisema.

"Nyamaza weye!"

Na Sikuli akanyamaza.

"Masika," Victoire aliita kutoka ukutani. Sauti ilikuwa nyembamba. "Usikubali juu yangu. Unanisikia? Kama ni juu yangu, usikubali."

Ndiyo lilikuwa tayari ulimini. Siwezi kuwaficha hilo. Masika alilitaka. Chumba chake mwenyewe, mpaka kufa, bila garantie, bila kujificha, na mwanaume mpole juu ya hayo. Wangapi Goma nzima wangepewa hivyo wakakataa? Alikuwa amechoka kuhama. Alikuwa amechoka hata mifupa.

Akamtazama Sikuli. Sikuli alikuwa anatazama viatu vyake, akingoja dada yake amalize kumnunulia mke.

Miaka yote hii, Masika alifikiri, ninalipia mahali pa kulala kwa kunyamaza. Na huyu mama naye ananiuzia chumba kwa bei ileile.

"Mama," alisema, "toa mukono kwa komeo."

"Umesema ndiyo?"

"Nimesema utoe mukono."

Mama Perpétue aliutoa, labda kwa mshangao tu. Masika alivuta komeo mwenyewe. Kwa nyuma alisikia Victoire akipiga ukelele na Sikuli akiangusha kiti, lakini alishatoka.

Walikuwa vijana kumi hivi, na nyuma yao wanawake, na nyuma yao avenue nzima ya Keshero, watu anaosalimiana nao kila asubuhi bombani. Papa Guylain alikuwa mbele, jiwe la volkano mkononi, shati limefunguka. Mbele zaidi, karibu naye kabisa, alisimama yule jirani wa pili, na watoto wawili wa Masika wamemshika nguo, macho yamewatoka.

Hilo hakulitegemea. Hakuwa amewaambia watoto kamwe.

"Ondoka mulangoni, Masika," kijana mmoja alisema. "Hatuna neno na weye."

"Muko na neno na mimi," alijibu. Alipanua miguu, akashika mbao za uzio huku na huku, hata asipite mtu. "Ile mama iko ndani ilinyamaza juu yangu. Mutasikia kwanza alikuwa ananyamazia nini. Halafu, papa Guylain, hilo jiwe utalitupa kwa mutu unayemutaka."

Mtoto wake mdogo akaita, "Mama?"

Masika alimtazama yeye, si papa Guylain, akaanza kusema.